FUNDI WA PIKIPIKI NA MAGARI YA PORINI KATIKA MJI WA RUIRU

Asubuhi, kabla jua halijapanda sana, mtu apitaye katika njia za Ruiru husikia kwanza sauti za pikipiki. Zatoka Kimbo, zatoka Membley, zatoka katika mitaa mipya iliyojengwa mahali palipokuwa mashamba ya kahawa, nazo zaelekea barabara kuu iendayo Nairobi na Thika. Zimebeba watu waendao kazini, watoto waendao shule, magunia ya sukumawiki, mitungi ya gesi, na pengine hata kitanda kizima. Kando ya njia, chini ya mabati machache yaliyopigiliwa juu ya nguzo, yuko mtu mwenye nguo zilizojaa oili, amechuchumaa mbele ya injini iliyofunguliwa. Huyo ndiye fundi, na bila yeye sehemu kubwa ya mji huu ingekwenda kwa miguu.

Watu wengi humwona kila siku, lakini ni wachache waijuao kazi yake. Wengine hudhani ni kazi ya nguvu na uchafu tu, ifanywayo na mtu aliyeshindwa na masomo. Wengine hudhani ni kazi ya kubadilisha vyuma, yaani kutoa kilichochakaa na kutia kipya. Wote wawili wamekosea. Sehemu iliyo ngumu zaidi katika kazi hii hufanyika kabla fundi hajashika spana, nayo ni kutafuta sababu ya ugonjwa. Tena fundi aliyeipata sababu huwa na kazi ya pili, ambayo ni kumwambia mwenye chombo ukweli asiotaka kuusikia.

PIKIPIKI ZILIVYOKUWA NYINGI

Neno bodaboda lilianzia mpakani mwa Kenya na Uganda, pande za Busia na Malaba. Huko, tangu miaka ya 1960, watu wenye baisikeli waliwachukua abiria kutoka kituo cha upande mmoja wa mpaka mpaka cha upande wa pili. Baisikeli hizo zilienea polepole katika miji mingine, kisha pikipiki ikachukua mahali pake. Katika miaka ya 2007 na 2008 Serikali ya Kenya iliondoa kodi ya VAT juu ya pikipiki ndogo, yaani zile zenye injini isiyofika sisi 250, na bei yake ikashuka. Ndipo pikipiki zilizotengenezwa Bara Hindi na Uchina zilipomiminika nchini, na jina la Boxer likajulikana hata na watoto wadogo.

Ruiru ilikuwa kama imeandaliwa kuzipokea. Barabara mpya ya Thika ilianza kujengwa mwaka 2009 ikafunguliwa rasmi Novemba 2012, na watu wafanyao kazi Nairobi wakaona kwamba yawezekana kukaa Ruiru na kwenda mjini kila siku. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2009 mji ulikuwa na watu 238,858. Katika hesabu ya mwaka 2019 walikuwa 490,120. Mashamba yalikatwa viwanja, viwanja vikajengwa nyumba, lakini barabara ya lami haikufika kwenye kila nyumba. Basi la abiria humshusha mtu kando ya barabara kuu, naye angali na kilometa mbili au tatu za udongo mwekundu mbele yake. Wakati wa kiangazi udongo huo ni vumbi liingialo kila mahali. Wakati wa masika ni utelezi mtupu. Pikipiki ndiyo imalizayo safari hiyo, na udongo huohuo ndio uimalizao pikipiki.

DENI HALISIMAMI

Ili kumwelewa fundi ni lazima kwanza kumwelewa mteja wake. Pikipiki nyingi za kuchukua abiria zimenunuliwa kwa mkopo, na mkopaji hulipa kidogo kidogo, kila siku au kila juma. Nyingine ni mali ya mtu mwingine, na dereva humpelekea mwenye mali fedha aliyopangiwa kila jioni, ambayo wenyewe huiita hesabu. Kinachobaki baada ya hesabu na petroli ndicho chakula cha nyumbani. Pikipiki ikisimama, deni halisimami, wala hesabu haisimami.

Kwa sababu hiyo dereva hufika kwa fundi akiwa na haraka, na mara nyingi huwa amekwisha amua mwenyewe chombo chake kina ugonjwa gani. Tuseme mmoja amekuja saa tano ya asubuhi, jasho likimtoka kwa kusukuma.

“Fundi, nisaidie upesi, nina wateja wananingoja,” asema. “Asubuhi inawaka vizuri, lakini ikishapata moto inakosa nguvu mlimani, na nikiizima haikubali kuwaka tena. Kabureta imekufa. Nitilie nyingine.”

Hapa ndipo mafundi wa aina mbili wanapotengana. Wa kwanza atasema, “Sawa,” amwuzie kabureta mpya, aifunge na kupokea fedha. Wakati wa kuifunga injini itakuwa imepoa, basi itawaka vizuri, na dereva ataondoka akishukuru. Jioni atarudi akiisukuma tena. Fundi wa pili hataanza na kabureta. Ataanza na maswali.

“Ndugu yangu, ilianza lini?”

“Tangu juma lililopita.”

“Na juma hilo nani aliifungua?”

“Hakuna aliyeifungua. Ilikuwa inapiga kelele tu hapa juu, nikamwambia kijana mmoja akaze tapeti, ikanyamaza.”

Fundi aliyeizoea kazi yake, akisikia hayo, amekwisha pata nusu ya jawabu.

YALIYOMO NDANI YA INJINI

Injini ya pikipiki, iwe kubwa au ndogo, hutaka vitu vitatu ili iwake: petroli iliyochanganyika na hewa kwa kiasi kinachofaa, cheche ya moto kwa wakati wake, na mchanganyiko huo ukandamizwe kwa nguvu kabla haujashika moto. Kimoja kikikosekana, injini haitawaka. Kimoja kikipungua, injini itadhoofika. Kwa hiyo fundi huuliza swali moja tu kwa njia nyingi: katika vitu hivi vitatu, ni kipi kilichopungua?

Plagi humwambia mengi. Akiifungua na kuiona ina rangi ya kahawia, kama ya udongo mkavu, hujua mchanganyiko ni mzuri. Ikiwa nyeusi na yenye masizi makavu, petroli ni nyingi kuliko hewa, na huenda kichujio cha hewa kimejaa vumbi. Ikiwa nyeupe, injini inaungua moto kupita kiasi. Ikiwa imelowa oili, basi yaelekea ringi za pistoni zimelika, na oili inapanda mahali isipotakiwa.

Habari ya tapeti yastahili kuelezwa kwa utulivu, maana imeharibu injini nyingi. Juu ya injini kuna valvu mbili, ambazo ni kama milango midogo ya chuma. Mmoja hufunguka ili mchanganyiko mpya uingie, na wa pili hufunguka ili moshi utoke. Kati ya valvu na mkono uisukumao huachwa nafasi ndogo sana, kiasi cha sehemu chache za mia za milimita, nayo hupimwa kwa bamba la chuma jembamba kama karatasi. Nafasi hiyo si kosa la kiwanda. Injini ikipata moto, vyuma vyake hutanuka, na nafasi hiyo imewekwa kusudi ili vipate mahali pa kutanukia.

Nafasi ikizidi kidogo, injini hupiga kelele ndogo ya kugongagonga, na mwenyewe huona aibu mbele ya abiria. Basi humwambia fundi akaze mpaka kelele iishe. Kelele huisha kweli, lakini sasa valvu haina nafasi tena. Vyuma vikipata moto na kutanuka, valvu hubaki wazi kidogo, mkandamizo huvuja, na nguvu hupungua mlimani. Tena kila mara injini inapolipuka, moto hupita katika ufa ule na kuula ukingo wa valvu. Hata pasipo mtu kuigusa, nafasi hiyo hupungua yenyewe kadiri valvu inavyozama katika kitako chake, na kwa hiyo yapasa ipimwe mara kwa mara. Hivyo injini iliyonyamaza kabisa huenda ikawa katika hatari kubwa kuliko ile inayogonga kidogo.

Kuirekebisha nafasi hiyo kwataka spana moja, bisibisi, bamba la kupimia, na muda usiofika saa moja. Lakini kuna sharti moja limkasirishalo dereva: nafasi hupimwa injini ikiwa imepoa. Fundi wa kweli atasema, “Iache hapa kivulini mpaka ipoe, ndipo nitakapoigusa.” Dereva atanung'unika, atamtaja fundi mwingine afanyaye upesi, pengine ataondoka. Hiyo ndiyo bei anayolipa fundi kwa kusema kweli, naye huilipa mara nyingi. Lakini valvu ikiachwa mpaka iungue, hapana budi kufungua kichwa cha injini, kununua vyombo vipya, na kulaza pikipiki siku nzima au zaidi.

OILI, CHENI NA BREKI

Jambo la pili lisilojulikana na wengi ni habari ya oili. Madereva wengine, wakitaka kuokoa senti, hutia oili ya motokaa katika pikipiki. Katika motokaa klachi hukaa pakavu, mbali na oili. Lakini katika pikipiki nyingi klachi huogelea katika oili ileile ya injini. Oili nyingi za motokaa zimetiwa dawa ya kupunguza msuguano, ambayo ni nzuri kwa injini, lakini klachi yaishi kwa msuguano. Ikilainishwa hivyo huteleza: injini yalia kwa nguvu na pikipiki haiendi. Dereva hudhani klachi imekwisha, kumbe ameiharibu mwenyewe. Yafaa kutazama kopo lenyewe. Oili ya pikipiki ya namna hii huwa na alama ya JASO MA. Na kwa kuwa pikipiki ndogo huchukua takriban lita moja tu, oili hiyo huchoka upesi, hasa katika chombo kifanyacho kazi tangu alfajiri mpaka usiku.

Kuhusu cheni, maneno hayahitaji kuwa mengi. Ilegee kidogo katikati, kiasi cha upana wa vidole viwili. Ikikazwa sana huzila beringi, ikilegea sana huruka. Na mtu anunuapo cheni mpya hana budi kubadilisha pia magurudumu ya meno, la mbele na la nyuma, kwa maana meno yaliyolika kama ndoana yataila cheni mpya katika muda mfupi.

Breki ni habari nyingine. Mpaka hapa makosa yote yaliyotajwa hugharimu fedha. Hili hugharimu watu. Pikipiki nyingi za kazi hutumia breki za ngoma. Ndani ya gurudumu kuna vipande viwili vilivyopinda, ambavyo mafundi huviita viatu, navyo hutanuka na kusugua ukuta wa ngoma. Katika tope la Ruiru, mchanga huingia humo ukawa kama msasa. Fundi mwangalifu huifungua ngoma, huosha, hutazama unene wa viatu, kisha hupaka grisi kidogo mno kwenye kipini kigeuzacho viatu, wala haruhusu hata tone moja liguse mahali pa kusugua. Fundi mvivu hukaza nati ya nje tu, na breki hushika kwa siku chache. Nati hiyo ikifika mwisho wa skurubu na viatu vikiwa vimekwisha, hapana kitu tena cha kukaza, na mtu atagundua jambo hilo mahali pabaya, akiteremka kuelekea mto huku mama na mtoto wameketi nyuma yake.

Hapo fundi hupata jaribu lake kubwa. Dereva asema hana fedha za viatu vipya leo; akaze tu, atarudi Jumamosi. Fundi akikataa, atapoteza mteja na pengine rafiki. Akikubali, na jambo likatokea, hapana karatasi itakayomshitaki, lakini yeye atajua. Mafundi kadha wana desturi iliyo njema: huwa na viatu vya akiba, humfungia dereva hapohapo, na kumwandika deni katika daftari. Deni hilo halilipwi sikuzote. Hata hivyo desturi hii ni bora kuliko kukaza nati.

Sheria ya Kenya huruhusu abiria mmoja tu katika pikipiki, na hilo pia lina maana yake katika ufundi. Spoki za gurudumu, viungo vya kuzuia mtikisiko na viatu vya breki vimepimwa kwa mzigo fulani. Mtu achukuaye abiria watatu asishangae spoki zikikatika moja baada ya moja, wala asimlaumu fundi aliyezifunga.

MAGARI YA PORINI

Si pikipiki tu zifikazo kwa mafundi wa Ruiru. Wakulima, wajenzi, na wachukuzi wa mawe kutoka machimbo ya pande za Juja hutumia magari yawezayo kupita pasipo barabara: Land Rover za zamani, Toyota Land Cruiser, na pikapu ambazo magurudumu yake yote manne huendeshwa na injini. Watu wa wilaya hizi wana ujamaa wa zamani na magari hayo. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, katika nchi ya Uholanzi, mwezi wa Aprili 1948, na mwaka 1974 Leyland Kenya ilianzishwa kule Thika kwa kazi ya kuunganisha magari. Kiwanda chake baadaye kiliitwa Kenya Vehicle Manufacturers, na Land Rover zilikuwa miongoni mwa magari yaliyounganishwa humo. Huko Uingereza, Land Rover ya umbo lile la kale iliachwa kutengenezwa mwezi wa Januari 2016, lakini zilizopo hazijui habari hiyo, nazo zaendelea kufanya kazi maadamu yuko mtu wa kuzitengeneza.

Mwili wa gari hilo ulifanywa kwa aluminiamu, kwa sababu baada ya Vita Vikuu vya Pili chuma kilikuwa haba katika Uingereza. Basi mwili hauoti kutu kama chuma, ila chasisi iliyo chini yake ni ya chuma, nayo huliwa kimyakimya huku mwenyewe akijisifu kwa rangi nzuri ya nje. Fundi mzee hulala chini ya gari akiwa na nyundo ndogo, akaigonga chasisi hatua kwa hatua. Mahali palipo pazima pana mlio wa kengele. Mahali palipooza hutoa mlio mfu. Hapa tena sikio hutangulia mkono.

Gari la namna hii lina vitu ambavyo motokaa ya mjini haina. Baada ya sanduku la gia lipo sanduku la pili, ligawanyalo nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, nalo huwa na gia ya chini kabisa ya kupandia milima na kutokea matopeni. Kutoka hapo hutoka propela mbili, moja yaenda mbele na moja yaenda nyuma, na kila moja huishia katika difu yake. Kila kiungo chataka grisi, na kila sanduku lataka oili yake.

Ugonjwa upatikanao sana wakati wa mvua ni maji ndani ya difu, na wengi hushangaa yameingiaje, kwa kuwa hawaoni tundu. Sababu yake ni hii. Gari likienda mwendo mrefu, difu hupata moto, na hewa iliyomo ndani hutanuka. Kisha gari laingia mtoni ghafula. Maji baridi huipoza difu, hewa ya ndani hujikunja, na difu huvuta kama mtu avutaye pumzi. Kama bomba lake dogo la kupumulia limezibwa na tope, au lipo chini ya maji, basi itavuta maji kupitia bomba hilo au kupitia mpira uliochakaa. Baada ya gari kulala usiku kucha, fundi hulegeza kidogo nati ya chini. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yapo yatatoka mbele. Na oili itokayo ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, ajua kwamba maji yamekwisha chanjwa pamoja nayo na hapana budi kuimwaga yote. Mwenye gari asiyetaka kununua oili mpya atanunua meno mapya ya difu, na bei zake hazikaribiani.

Yafaa kuonya hapa juu ya jeki. Gari hili ni zito, na udongo wa kando ya njia ni laini. Mtu asiingize kichwa chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Aweke magogo imara au vigingi vya chuma kwanza. Onyo hili hujulikana na kila fundi, na bado kuna waliokufa wakilijua.

Kenya imewahi kuwa na watu waliopata sifa kubwa kutokana na ufundi wa namna hii. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alifanya kazi ya ufundi wa motokaa kabla jina lake halijavuma, akashinda mashindano ya Safari Rally katika miaka ya 1965, 1974 na 1976. Waliomjua katika mashindano walisema alilitunza gari. Katika safari ile ya matope na mawe wengi walikuwa na mwendo wa kasi kama wake, ila magari yao hayakufika.

NJIA YA KUJIFUNZA

Mafundi walio wengi hujifunza kwa kukaa karibu na fundi mwingine. Kijana huanza kwa kuosha vyuma, kushika taa, na kukimbia dukani kununua spea. Baadaye hupewa tairi na tyubu, kisha cheni na breki, na mwisho huruhusiwa kufungua injini. Njia hii ina uzuri wake, maana kijana huona magonjwa mengi kwa macho yake mwenyewe. Lakini ina upungufu pia: hujifunza makosa ya mwalimu pamoja na ujuzi wake, asijue lipi ni lipi. Ile desturi ya kukaza tapeti mpaka zinyamaze imepitishwa hivyo, kutoka mkono hata mkono.

Kwa hiyo yafaa kijana autafute pia ujuzi wa darasani. Viko vyuo vya ufundi, kimojapo kikiwa Thika, na vile vilivyo katika tarafa. Hata aliyejifunza barabarani aweza kupimwa ujuzi wake na halmashauri ya serikali iitwayo NITA, ambayo mtihani wake wa ufundi una daraja tatu. Huanza na ya tatu na kupanda mpaka ya kwanza. Mtihani huo hufanywa kwa mikono, mbele ya mwenye kupima, pamoja na maswali. Cheti hakimfanyi mtu kuwa fundi, lakini mwenye kampuni kubwa hawezi kusikiliza injini zote ambazo mwombaji amepata kutengeneza, huuliza karatasi. Wasichana pia wameanza kuonekana katika kazi hii, na wale waliodhani spana yataka misuli wameona kwamba yataka zaidi subira.

Neno moja juu ya oili chafu. Katika Ruiru si ajabu kuona ardhi ya gereji imekuwa nyeusi kwa oili iliyomwagwa miaka mingi. Mvua ikinyesha, oili hiyo hushuka mtoni, na maji ya huko huelekea Mto Athi, ambao chini zaidi huitwa Galana na Sabaki, mpaka baharini karibu na Malindi. Njiani kuna watu na ng'ombe wanywao. Oili chafu ikusanywe katika pipa. Wako wanunuzi wake.

PIKIPIKI ZISIZO NA PETROLI

Katika miaka hii pikipiki za umeme zimeanza kuonekana katika barabara za Nairobi na vitongoji vyake. Kampuni kama Roam, Ampersand na Spiro zimezileta, na Roam ilifungua kiwanda chake cha kuziunganisha huko Nairobi mwaka 2023. Katika baadhi yake dereva hangoji kuchaji. Hufika kituoni, huacha betri iliyokwisha, hupewa iliyojaa, na kuondoka. Katika chombo hiki hamna plagi, wala kabureta, wala valvu, wala oili ya injini. Mafundi wengine wakisikia hivyo huona kwamba kazi yao imefika mwisho.

Lakini gurudumu bado ni gurudumu. Spoki hukatika, beringi huliwa na vumbi, viatu vya breki huisha, na tope la masika haliulizi kama pikipiki yaenda kwa petroli au kwa umeme. Kinachobadilika ni kule kutafuta sababu. Pikipiki ya umeme ikikataa kwenda haina mlio wa kusikilizwa. Fundi hana budi kufuata waya mmoja mmoja, kujua umeme umefika wapi na umekomea wapi. Kwa hiyo wako mafundi ambao wamekwisha nunua mita ndogo ya kupimia umeme, nao huiweka katika sanduku lilelile, kando ya bamba jembamba la kupimia tapeti.